Makadamia chotara kwenye milima ya baridi: angalia mche, kisha angalia ardhi

Kama unaishi kwenye milima yenye baridi, kwa mfano Kabale au Kisoro nchini Uganda, huenda umeshaletewa miche ya makadamia. Mti huu unaweza kukuingizia pesa. Lakini mche mbaya utakupotezea miaka, kwa hiyo usiharakishe kununua.

Asili ya makadamia ni Australia. Aina moja ina ganda laini na kokwa yenye mafuta mengi, na viwanda huipenda. Nyingine ina ganda lenye kukwaruza na sukari zaidi, hivyo kokwa zake huwa kahawia zikikaangwa, ila huvumilia baridi vizuri. Chotara ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Usipande mbegu ya chotara ukitegemea kupata mti kama mama yake. Tafuta mche uliounganishwa, yaani kikonyo cha mti bora kimefungwa juu ya shina la mche mwingine. Karibu na chini utaona kovu la kiungo. Kama halipo, achana nao. Mche wa kuunganishwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Wa mbegu unaweza kuchukua 7 au zaidi. Ukiweza, nunua miche ya aina mbili tofauti, kwa sababu nyuki wakibeba chavua kati yao mavuno huongezeka.

Miaka hiyo yote utakuwa kwenye ardhi ya nani? Nchini Uganda, kiwanja unachopewa ndani ya makazi ni cha kutumia, si cha kuuza. Na ukikodi kwa mwenyeji, jua kwamba wenye ardhi wengi huona mpangaji anayepanda miti kama mtu anayetaka kuichukua. Hofu hiyo si ya bure. Ongeeni kabla ya kuchimba, muandike, na mwenyekiti wa LC1 awe shahidi: nani atavuna, na miti itakuwa ya nani ukirudi nyumbani au ukihamishiwa nchi nyingine. Ninyi wenyeji, karatasi hiyo inawalinda pia.

Mkishakubaliana, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda mvua zinapoanza. Acha mita 8 hivi kati ya miti. Maharagwe na viazi vitakaa hapo katikati miaka ya mwanzo. Epuka bonde la chini kabisa, maana hewa baridi hutuama huko usiku na barafu huua mti mchanga.

Wakati wa kuvuna, okota zilizoanguka zenyewe. Ukizipiga kwa fimbo utachanganya na zisizokomaa, na mnunuzi anaweza kukataa gunia zima. Ondoa ganda la kijani mapema, kausha kivulini penye hewa. Na usimpe mbwa: makadamia humdhuru.