Utangulizi: Kuendesha Mota za Hatua kwa Kompyuta Ndogo

Mifano ya kitabu hiki nimeiweka Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma, ambako maji ya Mto Bubu hulisha mashamba ya mpunga katikati ya nchi kavu. Kazi yetu ya kwanza ni lango dogo la mfereji, la mfano tu, linalopandishwa na kushushwa na parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya hatua.

Mota ya kawaida ukiipa umeme huzunguka mpaka uukate. Hii yetu husogea hatua moja kila koili zake zinapowashwa kwa zamu. Nyingi hupiga hatua 200 kwa mzunguko, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Ile ndogo ya bei nafuu, 28BYJ-48 ya volti 5, ina gia ndani, kwa hiyo mhimili wake hupiga hatua karibu 2,048 ndipo umalize mzunguko mmoja.

Usiiunganishe moja kwa moja na pini za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kitabu hiki. Pini hutoa volti 3.3 na miliampea chache. Koili moja hutaka kama miliampea 100. Weka katikati bodi ya ULN2003: pini itoe amri, umeme wa kazi utoke kwenye chanzo kingine, na waya hasi za pande zote mbili ziungane. Hilo la mwisho wanafunzi hulisahau kuliko yote.

Sasa tufike kwenye kiini. Kompyuta haioni kitu. Inahesabu amri ilizotuma, basi. Matope yakilikaba lango, mota itanguruma palepale, hatua zitapotea, na skrini itasema lango limefungwa wakati maji yanazidi kuingia shambani. Ndiyo maana uandishi wa programu nimeupa sura moja tu. Sura nyingine zote zinashughulikia hesabu hiyo isipotee: kuanza polepole kabla ya kuongeza kasi, kufunga swichi ya kikomo inayoonyesha sifuri iko wapi, kupima ulegevu wa gia.

Linux, mfumo unaoiendesha Raspberry Pi, nayo ina shughuli zake, na huweza kuchelewesha pulsi za kuiamuru mota kwa milisekunde kadhaa. Kwa lango la mfereji, wala usijali. Kazi ikitaka kasi, wengi huiachia bodi nyingine ndogo ipige pulsi.

Hivyo ndivyo inavyofanya hadubini ya OpenFlexure, ambayo naiona mwalimu bora wa fani hii. Ilianzia Cambridge, na makala yake ya mwaka 2020 iliandikwa pamoja na watafiti wa STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Mwili wake ni plastiki iliyochapwa. Raspberry Pi hutuma amri, bodi ndogo huendesha mota tatu za 28BYJ-48 zilezile, na kila hatua husogeza sampuli au lenzi chini ya sehemu moja ya kumi ya maikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi. Gia zake ni legevu kama za mota yoyote ya bei hiyo, hivyo programu yake inaweza kuifikia nukta kutoka upande uleule kila mara, ulegevu ukabaki upande mmoja.

Kwa sura ya kwanza tafuta mota moja, bodi ya ULN2003, nyaya sita na chaja ya simu ya volti 5. Lango litasubiri hadi sura ya tatu.