Mshahara wa Saa Kumi na Moja



Kuna mfano mmoja wa Yesu ambao kila tukiusoma vikundini lazima uzue maneno. Ni ule wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16. Akina mama wanaguna, wazee wanatikisa kichwa, na wengine wanasema wazi kwamba huyo mwenye shamba hakufanya haki. Siku hizi tumeona hata umeingizwa kwenye hesabu za kikundi, na hapo watu wanaweza kuachana vibaya. Hebu tuuangalie polepole.

Mwenye shamba alitoka alfajiri akaandika vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. (Hapa sisi tuna bahati. Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza kama Waswahili, kwa hiyo saa kumi na moja ni hiyo hiyo unayoijua, giza likikaribia.) Jioni wote wakalipwa dinari moja moja, wa mwisho wakitangulia. Wale wa asubuhi wakanung'unika: wamechomwa na jua kutwa, sasa wanalinganishwa na watu wa saa moja!

Dinari ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi, na ndiyo iliyokuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku. Haikuwa pesa ya kuweka benki, ilikuwa chakula cha watoto cha siku ile. Ndiyo sababu Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15, iliamuru kibarua maskini alipwe kabla ya jua kutua. Yule wa saa kumi na moja angelipwa kwa saa yake moja tu, hesabu ingekuwa sawa kabisa, na watoto wangelala njaa.

Tena hakuwa mvivu. Someni mstari wa 7: alisimama kwa sababu hakuna aliyemwandika. Anayejua pale sokoni vibarua wanapongoja na jembe begani anajua ni nani huchukuliwa kwanza. Ni vijana wenye nguvu. Anayebaki mpaka mchana ni mzee, ni mgonjwa, ni mama mwenye mtoto mgongoni. Na kungoja kunachosha, bwana.

Je, wa asubuhi alipunjwa? La. Alipatana dinari, akapata dinari. Hakuna senti iliyotoka mfukoni mwake kumpa mwenzake. Kilichomuuma ni kuona. Kigiriki cha Injili kinataja hapo jicho ovu, na Kiswahili chetu kina neno lake tayari: kijicho. Lakini tusimcheke. Katika sura ya 19, mstari wa 27, Petro ametoka tu kumwuliza Yesu wao walioacha vyote watapata nini. Basi mfano huu unawajibu watu wa kwanza, na kila kikundi kina waanzilishi wake.

Sasa tuje kwenye vitabu vya hesabu. Wengine wanadai kwamba kwa sababu ya mfano huu, aliyejiunga juzi apate gawio sawa na aliyeanza Januari. Sisi tunasema hapana. Mwenye shamba alitoa kilicho chake. Pesa za kikundi si za mwenyekiti wala za mweka hazina. Tuseme mama mmoja ameweka shilingi 100 kwa wiki 50, ana 5,000. Mwenzake ameweka wiki 10, ana 1,000. Faida ya mikopo ni shilingi 600. Kwa hisa, wa kwanza anapata 500 na wa pili 100. Mkigawa 300 kwa 300, mmemnyang'anya wa kwanza shilingi 200 ambazo hakukubali kutoa. Hiyo si neema. Mwenye shamba alitimiza mapatano kwanza, halafu akawa mkarimu kwa mali yake.

Lakini mapatano matupu nayo hayatoshi. Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba ujira lazima umwezeshe mfanyakazi kuishi, hata kama alikubali kidogo. Kwa hiyo kikundi kikiajiri mtu wa kuchimba mtaro, kisijitetee eti alikubali mwenyewe. Mwenye njaa hukubali chochote.

Huruma nayo iwekewe mlango wake. Anzisheni mfuko wa pembeni, hata shilingi 10 kila mkutano, wote wakubaliane na iandikwe katika kumbukumbu. Aliyechelewa kujiunga, akikosa karo au dawa, asaidiwe kutoka humo bila kugusa hisa za mtu. Hata kiingilio anaweza kuruhusiwa kulipa kidogo kidogo, kama katiba yenu inaruhusu.

Mkutano ujao, kabla ya kufungua kitabu cha hesabu, someni mfano huu kwa sauti. Wale waliojiunga mwisho waongee kwanza na waanzilishi wasikilize. Kisha ulizaneni: hapa kijijini kwetu, ni nani bado amesimama pale sokoni, na hakuna kikundi kilichomwita?