Bonde la Mpunga: Anayelima na Anayerithi

Ukivuka kivuko cha Likoni ukashika njia ya kusini kuelekea Msambweni, Ramisi na Vanga, unaingia nchi ya Wadigo, ambako familia si haba za Likoni zina asili yao. Katika mabonde yanayotuama maji ya masika, mpunga tangu zamani umekuwa hasa kazi ya wanawake. Wengi wetu twadhani mvua na udongo ndivyo viamuavyo bonde lilimwe au liachwe. La, jamii nayo huamua.

Kwanza ni ujima. Mpunga ukitoa masuke hauna budi kuamiwa ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Majirani wakipanda pamoja, hugawana zamu na hasara. Mmoja akipanda peke yake, ndege wote ni wake. Kwa hiyo jirani mmoja akiacha, wa pili humfuata, na bonde hugeuka pori.

Pili ni mirathi. Wadigo walirithiana kwa mafuko, upande wa mama. Mpwa akamrithi mjomba. Uislamu ukaleta mafungu yake, kisha serikali ikaleta hati. Baina ya njia hizi tatu, anayelima aweza kusahauliwa.

Tutazame Gambia, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Mwaka 1984 ulianza mradi wa mpunga wa Jahaly-Pacharr. Maji yakapatikana, mavuno yakawa mara mbili kwa mwaka. Lakini mashamba ya wanawake yakahesabiwa kuwa ya kaya, chini ya mamlaka ya waume. Wengi wakawa kama vibarua katika ardhi waliyoijua kuwa yao, na baadhi wakakataa kazi.

Mama zetu na dada zetu, mnunuzi wa kiwanja huuliza hati i kwa nani. Haulizi nani huinama matopeni. Nasi tukumbuke kuwa Suratun-Nisaa, aya ya 7, imemthibitishia mwanamke fungu katika waliyoacha wazazi, yawe machache au mengi. Bonde nalo limo. Desturi hailiondoi fungu hilo, wala haya ya dada mbele ya kaka zake si ridhaa.

Basi kabla ya kuuza, familia ikae, iandike mbele ya mashahidi nani hulima wapi na nani ana fungu gani. Penye mzozo, aendewe Kadhi. Na anayelima aulizwe kwanza, si baada ya fedha kupokewa.

Wabillahi tawfiq.