Umra ya Familia Nzima Ifuate Mwendo wa Bibi

Zamani safari ya Makka ilikuwa ya mzee mmoja aliyedunduliza miaka na miaka, akaagwa na mtaa mzima. Siku hizi, kwa kuwa Umra hufanyika karibu mwaka mzima, zipo familia za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zinazoondoka vizazi vitatu kwa pamoja: bibi, wanawe na wajukuu. Ni jambo la kheri. Kasoro ni kwamba wapangaji huwa ni wale wenye miguu mizima, nao hupanga kwa kutazama nafasi na mfuko wao. Safari ya namna hii ingepaswa kuanza kupangwa kwa mnyonge wa msafara, maana yeye ndiye sababu ya kwenda pamoja.

Tuitazame ibada yenyewe. Tawafu ni kuizunguka Kaaba mara 7. Sai ni kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, njia 7 za takriban mita 450 kila moja, yaani zaidi ya kilomita 3, kabla hujahesabu mwendo wa kutoka hotelini. Hoteli ya mbali ni nafuu, lakini anayetembelea mkongojo huilipia nafuu hiyo kwa magoti yake, kila swala. Kisha kuna joto. Likizo ya Juni Tanzania na ya Agosti Kenya huangukia miezi ambayo Makka hupita nyuzi 40. Katika Hija ya Juni 2024 walifariki watu zaidi ya 1,300, wengi wao wakiwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Likizo ya Desemba ina watoto walewale, na jua pole zaidi.

Wapo wanaosema ni heri bibi apelekwe na kikundi, fedha zinazobaki zilipe ada za shule. Kwa familia itakayolazimika kukopa, wana haki: dini haimtwishi mtu asichokiweza. Lakini kiongozi wa kikundi ana watu wengi wa kuwaangalia. Hawezi kujua kwamba huyu hamezi dawa ya presha mpaka ale kwanza, wala kwamba yule huona haya kuomba kupelekwa msalani. Mwanawe anajua. Na mjukuu anayemsukuma bibi kwenye njia ya viti vya magurudumu, katikati ya Safa na Marwa, huifahamu subira kwa mikono yake. Na kwa familia zenye jamaa wanaoishi Muscat, jamaa hao wakiungana nao Madina, binamu waliojuana kwa simu tu hula sinia moja.

Wengine huhofia kwamba vijana watachoka kungoja. Kungoja si lazima kuwe kwa wote. Tawafu ya sunna hufanyika usiku na mchana, hivyo wenye nguvu waende usiku wa manane, na kazi ya kubaki na wadogo hotelini iwe ya zamu, baba naye akiwemo, isiachiwe wakwe wa kike peke yao. Zamu hizo, pamoja na nani anachangia nini, zisemwe waziwazi kabla tiketi hazijakatwa, kwa sababu ugenini hata neno dogo huwa zito. Na mchango ukipungua, zikatwe siku za kukaa. Ukaribu wa hoteli usiguswe.