Umeme wa Usiku, Mbolea ya Mchana

Amonia, malighafi kuu ya mbolea ya nitrojeni, ni muungano wa nitrojeni na haidrojeni. Nitrojeni imejaa hewani. Haidrojeni ndiyo ghali, na karibu yote inayotumika viwandani hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, huku hewa ya ukaa ikiachiwa angani. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea nchini Kenya ulipita shilingi 6,000. Mkulima wa mahindi wa Trans-Nzoia alikuwa akilipia gesi ya Ulaya. Utegemezi huo unaweza kupunguzwa, na naamini Kenya ianzie kwenye mvuke wake yenyewe wa jotoardhi.

Umeme ukipitishwa kwenye maji, haidrojeni hujitenga na oksijeni. Jambo hili si geni Afrika: huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilitengeneza amonia hivyo kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2015. Kilichokikwamisha ni umeme, wala si kemia, kwa kuwa tani moja ya amonia hula takriban uniti 10,000. Sasa, usiku wa manane matumizi ya umeme Kenya hushuka, na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria hulazimika kupunguza uzalishaji, mvuke ukapotea bure. Umeme huo ungeweza kugeuzwa haidrojeni, ikahifadhiwa kwenye matangi ya kiwanda cha amonia.

Wapo watakaouliza: kwa nini kiwanda kipewe umeme wakati jioni gridi huelemewa? Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni mkataba unaokiamuru kizime mitambo ya kupasua maji saa za jioni. Gharama itapanda, maana mashine zisizofanya kazi nazo hudaiwa mkopo. Hofu ya maji, kwa upande wake, imekuzwa mno: tani ya amonia hubeba haidrojeni ya lita zipatazo 1,600 tu za maji, ingawa upoozaji huongeza kiasi hicho.

Karibu na Naivasha, shamba la Morendat limefungiwa mtambo mdogo wa jua uliokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku. Ni kidogo sana kwa nchi, lakini mbolea yake hailipiwi nauli kutoka Mombasa. Kwa hiyo napinga mipango ya kuisafirisha amonia Ulaya kabla mashamba ya hapa hayajashiba. Fosfati ya mbolea ya kupandia, DAP, bado itaagizwa nje. Nitrojeni ya mbolea ya kukuzia, CAN, ndiyo ya kuanza nayo.