Kilimia: Jina, Darubini na Majira

Makala haya yanakusudia kueleza namna kundi moja la nyota lilivyotazamwa kwa haja mbili tofauti, na kuonyesha kwa nini jina lake la Kiswahili lafaa kufundishwa. Kifaransa, lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Goma, huliita kundi hilo Pléiades. Kiswahili huliita Kilimia.

Katika enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (1837–1901), watazamaji wa ridhaa, yaani wasioajiriwa kwa kazi hiyo, walitaka kujua kundi hilo limeundwa na nini. Mwaka 1859 Wilhelm Tempel, mchapaji wa picha kutoka Ujerumani aliyekuwa akiishi Venice, aliona kwa darubini wingu hafifu kando ya nyota iitwayo Merope. Wengine hawakuliona, wakatilia shaka. Mwaka 1886 Isaac Roberts, mjenzi wa Liverpool, alipiga picha iliyoonyesha ukungu ukizizingira nyota kadhaa. Mwaka 1912 Vesto Slipher alibainisha kuwa ukungu huo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zenyewe. Jicho huona nyota sita au saba; kumbe zimo zaidi ya 1,000.

Mkulima wa Kiafrika aliuliza swali jingine: Kilimia hutokea lini? Jina latokana na kitenzi lima, kama lilivyo isiLimela la Kizulu. Methali yasema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwanzoni mwa Mei kundi humezwa na mwanga wa machweo, katikati ya Juni huonekana tena mashariki alfajiri. Pwani, Mei ni masika, na Juni mvua imepungua. Masika yakikosekana, methali yaashiria mvua za baadaye.

Goma nako Kilimia huzama na kuzuka nyakati hizohizo, lakini majira ya jembe ni mengine. Mvua hupungua Juni na kurejea Septemba, wakati wa kupanda maharage na mahindi. Katikati ya mwezi huo Kilimia huchomoza yapata saa nne usiku. Katikati ya Novemba huchomoza jua linapotua.

Kwa hiyo, mwalimu wa Goma hana haja ya kutohoa neno la Kifaransa. Afundishe Kilimia, pamoja na majira ya Kivu, si ya pwani peke yake. Hapo mwanafunzi atajifunza falaki na kilimo kwa neno moja.