BEI IKIANGUKA, SHAMBA LISIANGUKE NALO

Ndugu mkulima wa Mkongani, nanyi nyote mlio katika skimu za Kwale, hapana hata mmoja wenu asiyeijua siku ambayo bei imeanguka. Nazi zimejaa uani, korosho zimekwisha anikwa, na mnunuzi anakuja na bei isiyotosha hata ujira wa mkwezi. Siku hiyo watu huuliza, "Serikali itatusaidia nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini liko swali jingine ambalo yafaa kuuliza mapema, kabla ya shida: msaada ukija, utamfikia nani?

Jibu lake twaweza kulipata katika mambo yaliyowapata wazee wetu katika miaka ya 1930.

SHIDA ILIVYOINGIA

Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York, Marekani, lilianguka. Baadaye mabenki mengi yakafungwa, viwanda vikasimama, na watu wa Ulaya na Marekani wakapunguza kununua. Pigo hilo likafika hata kwetu. Bei za kahawa, mkonge, mahindi, mbata na karafuu zilishuka sana. Katika Kenya bei ya mahindi ya kuuzwa ng'ambo ilipungua zaidi ya nusu kufikia mwaka 1931, na katika miaka hiyo hiyo nzige nao walikuwa wakila mashamba.

Lakini kodi haikuanguka pamoja na bei. Mahali pengi kodi ya nyumba ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: mtu aliyezoea kupata kodi yake katika mbata za minazi kumi, bei ikishuka nusu, alitakiwa kuwa na minazi ishirini. Asiye nayo alikwenda kutafuta kibarua, au aliiweka minazi yake rehani.

MSAADA ULIPITA MLANGO GANI

Serikali ya wakati ule haikukaa kimya. Sheria ya Benki ya Ardhi na Kilimo ilipitishwa mwaka 1930, na mwaka 1931 benki hiyo ilianza kukopesha wakulima ili wasipoteze mashamba. Lakini ilimkopesha mwenye hati ya kuweka dhamana, na wenye hati za namna hiyo walikuwa zaidi walowezi wa Kizungu. Mkulima Mwafrika alikuwa na ardhi kwa mila, bila karatasi. Yeye aliambiwa alime zaidi. Mwaka 1935 ikatoka sheria ya masoko ya mazao ya Waafrika: wanunuzi wawe na leseni, na mazao yauzwe mahali palipowekwa. Usafi wa mazao ulipata faida, lakini wanunuzi walipopungua muuzaji alikosa nafasi ya kuchagua. Hiyo haikuwa haki sawa, wala hapana sababu ya kuificha.

Usidhani ni Kenya tu. Katika Marekani, Rais Roosevelt alianza kazi mwezi wa Machi 1933, na mwezi wa Mei ikapitishwa sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze pamba, ngano na mazao mengine ili bei ipande. Bei ilipanda. Lakini fedha nyingi za pamba zilishikwa na wenye ardhi, na wapangaji wengi waliokuwa wakilima ardhi hiyo walifukuzwa kwa kuwa sasa ilitakiwa mikono michache. Msaada ulimfuata yule ambaye jina lake lilikuwa katika karatasi.

SOMO LA KARAFUU

Karibu nasi zaidi ni Zanzibar. Huko wenye mashamba ya karafuu walikuwa na madeni mengi kwa wafanyabiashara. Madeni mengine yalifungwa kwa njia ya bei ya khiyari: mtu huandika kwamba ameuza shamba, huku wote wawili wakijua kwamba ni rehani, na kwamba atalikomboa akilipa. Karafuu ziliposhuka bei, kulipa kukashindikana, na yule aliyetia sahihi kwamba ameuza akaonekana ameuza kweli.

Mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ilitoa sheria kadhaa za kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa deni na kuwasimamia wakopeshaji. Kadhalika ilikipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927. Mwaka 1937 chama hicho kikapewa mamlaka makubwa zaidi juu ya ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na watu wa India, ambao walikuwa wanunuzi wakubwa, wakasusia karafuu za Zanzibar mpaka mapatano ya mwaka 1938. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya kusuluhisha madeni.

Hapo pana mambo mawili ya kushika. Kwanza, sheria iliyoliokoa shamba ilimfanya mkopeshaji aogope kukopesha, na mwenye shamba bado alihitaji fedha za kuwalipa wachumaji. Pili, kumwondoa mnunuzi ni rahisi kuliko kumpata mwingine.

Kilimanjaro walikwenda kwa njia nyingine. Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wakaanzisha chama chao kikuu, KNCU, wakauza kahawa yao pamoja. Chama hakikuzuia bei ya dunia kushuka. Lakini kilimwezesha mkulima mdogo kujua kahawa yake imeuzwa kwa bei gani.

SASA WEWE UFANYE NINI

Mambo haya yakuhusu, kwa kuwa hata leo msaada una mlango wake. Mwaka 2023 Serikali ilipouza mbolea ya ruzuku, iliyoteremshwa mwezi wa Agosti kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa mfuko, ilimtafuta mkulima aliyesajiliwa. Basi jiandae hivi:

1. Weka karatasi zako sawa. Barua ya kugawiwa shamba, stakabadhi za malipo ya skimu na hati, zote ziwe mahali pamoja pakavu. Ikiwa shamba bado lina jina la marehemu baba, anzeni urithi sasa. Siku ya msaada si siku ya kuanza kutafutana ndugu.

2. Usitie sahihi ya kuuza kama unakopa. Ukiweka minazi rehani, iandikwe kuwa ni rehani: minazi mingapi, fedha ngapi, kwa muda gani, nani ataangua nazi, na mashahidi ni nani. Kila mmoja abaki na nakala.

3. Jua haki yako katika mkopo wa hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopeshaji hawezi kuliuza shamba kesho yake. Ukichelewa kulipa mwezi mzima, lazima akupe notisi yenye muda usiopungua miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Nyumba ya ndoa haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mwenzako, na shamba la kilimo lahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi. Ukipata notisi usiifiche chini ya godoro. Mpe mkeo au mumeo aisome, kisha nendeni mkazungumze na mkopeshaji mapema.

4. Usitegemee mnunuzi mmoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, aliyekuwa na miwa peke yake alibaki nayo shambani. Mwenye minazi, mikorosho, michungwa, muhogo na mahindi huumia akikosa soko la zao moja, lakini halali njaa.

5. Uzeni pamoja. Majirani kumi wenye korosho kavu, safi, zilizochambuliwa, wana neno la kumwambia mnunuzi. Hesabu za chama zisomwe mbele ya wote.

Wazee wa miaka ya 1930 wengi wao walikosa hati na walikosa chama, wala halikuwa kosa lao. Wewe waweza kuwa na vyote viwili. Wiki hii, kabla mvua haijakushughulisha, fungua sanduku lako utazame karatasi za shamba, kisha andika kila deni ulilo nalo na jina la anayekudai. Palipo na lisiloeleweka, lipeleke kwa Bwana Shamba au kwa ofisi ya ardhi ya Kwale wakati bei bado ni nzuri.